Tusiambiane "ataongea tu", mtoto apimwe masikio kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Wiki mbili zilizopita kuna mama aliandika hapa kwamba mwanae ana miaka miwili na miezi miwili na mpaka sasa anasema "mama" na "haa" basi, akaomba ushauri, na toleo lililofuata wasomaji wakamjibu, karibu wote kitu kilekile, subiri, watoto hawafanani, wa kiume huwa wanachelewa, kuna mjomba wa mtu alianza kuongea na miaka minne na leo ni injinia. Najua mlimjibu kwa nia njema kabisa. Lakini nilivyosoma roho iliniuma maana hayo ndio maneno niliyoambiwa mimi, na yalinipotezea miezi minane.

Wangu wakati huo alikuwa na mwaka na miezi kumi. Mchangamfu, anacheka, anapanda makochi, akitaka kitu ananivuta mkono mpaka kilipo ananionyesha kwa kidole. Kuongea ndio hakuna. Na alikuwa na tabia moja sisi tulikuwa tunaipenda sana, nikimpakata nikaanza kuongea ananishika mashavu kwa mikono yote miwili, ananigeuza uso, halafu anakaza macho kwenye mdomo wangu. Sio machoni, mdomoni. Tukawa tunasema huyu mtoto anampenda mama yake jamani. Kumbe maneno yalikuwa hayamfikii vizuri masikioni, akawa anayafuata mdomoni.

Hatukuwaza masikio hata siku moja kwa sababu mfuniko wa sufuria ukianguka anashtuka, mlango ukibamizwa anageuka. Hata kliniki tulipomtaja, mhudumu alipiga makofi nyuma ya kichwa chake, mtoto akageuka, tukaambiwa anasikia huyu, ni mvivu tu, mpeni muda. Tukampa muda. Aliyetufungua macho ni dada anayewalea dei kea, aliniambia mama fulani, huyu nikimwita akiwa ananitazama anakuja mbio, nikimwita akiwa amenipa mgongo hata hajali, na anapokuwa na mafua ndio kabisa.

Tukaenda kupima kweli. Nataka wazazi wajue hicho kipimo kilivyo kwa sababu wengi wanadhani mtoto mdogo hawezi kupimwa mpaka ajue kujibu. Anaweza, hata mchanga wa siku chache anapimwa. Wanaweka kidude laini kwenye tundu la sikio, kimoja kinatoa sauti ndogondogo na kusikiliza sikio la ndani linajibuje, kingine kinasukuma hewa kidogo kuona kama ngoma ya sikio inacheza. Hakiumi, wangu alikaa mapajani akiwa anachezea vifungo vya shati langu mpaka wakamaliza. Majibu, kuna maji mazito yamejaa nyuma ya ngoma ya sikio, masikio yote mawili. Hana usaha, hana homa, hashiki sikio kulia, kwa hiyo nyumbani usingejua. Daktari akaniambia niweke vidole masikioni nimsikilize anavyoongea, akasema mwanao anaishi hivyo. Nilisikia sauti yake ila maneno yote yameviringana, s na f na t sikuzipata kabisa. Mtoto anayesikia hivyo atajifunzia wapi kusema?

Na hapo ndipo makofi yanapodanganya, Mhariri. Kelele kubwa anaisikia, hata mtikisiko na kivuli cha mkono anavihisi, atageuka tu. Kusikia kishindo ni kitu kimoja na kusikia tofauti ya "pata" na "kata" ni kitu kingine.

Sisi tuliambiwa tusubiri miezi mitatu tukapime tena, maana mara nyingi hayo maji hukauka yenyewe, na huko kusubiri sikukuona kubaya kwa sababu tulikuwa tunajua tunasubiri nini. Yetu hayakukauka, akawekewa vijirija vidogo sana kwenye ngoma za masikio. Njiani tunarudi siku ileile ikapita pikipiki, akaziba masikio kwa viganja akanitazama kama ananiuliza hii ni nini. Nililia mpaka dereva akaniuliza kama kuna msiba. Lakini sitaki kumdanganya mtu, hakuanza kuongea kesho yake, tulienda kwa mtaalamu wa usemi na lugha karibu mwaka mzima.

Sasa simaanishi kila anayechelewa ni masikio. Wengine ni usonji, wengine akili nzima inakua taratibu, na wapo kweli ambao hawana shida yoyote wanakuja kuwafikia wenzao wenyewe, tena ni wengi. Shida ni kwamba akiwa na miaka miwili hakuna bibi wala shangazi anayeweza kumtazama kwa macho akajua huyu ni yupi. Masikio yanaanza kwa sababu ni kitu kinachopimika na mara nyingi kinatibika.

Kwa makadirio ambayo wataalamu hutumia, kwenye mwaka mmoja awe anaitikia jina lake, anaporoja ba-ba da-da, anapunga mkono wa kwaheri. Miezi 18 awe na maneno machache mbali na mama na baba na awe anaonyesha vitu kwa kidole. Miaka miwili aanze kuunga mawili, "mama njoo", "maji kwisha". Kimoja kisipokamilika usikimbilie kulia, nenda kaulize. Ila kuna kitu kimoja hakisubiri hata wiki, mtoto aliyekuwa na maneno halafu yakapotea, awe na umri wowote.

Wa kiume ni kweli wanachelewa, lakini ni tofauti ndogo, haitoshi kumfanya wa miaka miwili na ushee asiwe na kitu. Lugha mbili nyumbani hazimcheleweshi, hesabu maneno yake ya lugha zote pamoja, na msimnyang'anye lugha ya mama yake kwa sababu hiyo. Kukatwa ule uzi chini ya ulimi hakuleti maneno, uzi ukibana sana unaweza kusumbua kunyonya au baadhi ya matamshi, ila hauzuii mtoto kujua maneno. Na simu, Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2019 kwamba aliye chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na mimi nilikuwa namuwekea katuni nikiamini anajifunza maneno. Katuni haimsubiri ajibu.

Hilo la kusubiri ndilo mtaalamu alinifundisha na lilikuwa gumu kuliko yote. Nilikuwa namuuliza "unataka mpira?" na kabla hajafungua mdomo nishampa. Akaniambia kaa chini uso wako ulingane na wake, shika mpira, sema "mpira", halafu nyamaza, hesabu moyoni mpaka kumi. Kumi ni ndefu jamani ukiwa na kazi zako! Siku ya kumi na kitu nimefika nane nikasikia "pia". Ndio mpira wake wa kwanza. Sikumwambia sema vizuri, nikamjibu "ehee, mpira mkubwa", nikampa. Ndivyo tulivyoenda, akisema moja namrudishia mawili.

Mama uliyeandika, hatujuani, lakini nakuomba usimsikilize hata anayesema ni wewe hukumuongelesha vya kutosha, mimi niliambiwa hivyo pia nikalibeba hilo muda mrefu bure. Mpeleke, sema kwa mdomo wako "nataka apimwe usikivu kwa mashine", wakipiga makofi wakasema anasikia rudia hayohayo. Waambie na kama akiwa na mafua anazidi, kama anakoroma usiku, kama anaongeza sauti ya tivii, kama anakutazama mdomoni.

Na wewe Mhariri, naomba siku moja mtupatie mtaalamu wa masikio na wa usemi kwenye ukurasa wa afya, wasomaji watume maswali yao wajibiwe na anayejua. Wangu sasa ana miaka mitano, r bado anasema l, juzi tumeambiwa hilo nalo tulipe muda.

Mzazi na msomaji wenu wa siku nyingi