Wanafunzi wa uhandisi waletwe karakanani mapema

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisumbua kwa miaka yote ambayo nimepokea wanafunzi wa uhandisi katika karakana yangu ya mota za umeme hapa Jinja, Uganda.

Kila likizo ndefu hunijia vijana wawili watatu wa vyuo vikuu, wenye adabu na bidii. Mmoja wao alinieleza bila kusita kwamba mota ya fezi tatu, ambayo koili zake (nyaya zilizosukwa ndani yake) huungwa kwa njia ya nyota au ya delta, ikiwashwa kwa nyota, mkondo unaovutwa kwenye laini huwa theluthi moja ya ule wa delta, na hesabu yake yote akaiandika karatasini. Nilipomletea mota ya mashine ya kusaga mahindi, yenye ncha sita za nyaya zilizofutika alama, nikamwomba atafute ni ncha zipi mbili zilizo za koili moja, hakujua aanzie wapi, kwa maana mita ya kupimia alikuwa ameiona tu mikononi mwa wenzake walioizunguka meza moja ya maabara. Simlaumu hata kidogo, na yeye mwenyewe aliumia kuliko mimi.

Hata hivyo, siungi mkono wanaosema nadharia ipunguzwe. Mota nyingi ninazoletewa zimeunguzwa na mafundi hodari ambao hawakufundishwa kusoma kibati cha mota, kinachoonyesha volti zake. Mota iliyoandikwa volti 230 kwa delta na 400 kwa nyota, fundi huiunga delta kwenye umeme wetu wa volti 415, kwa kuwa ndivyo alivyoifunga ya jana. Basi kila koili, iliyopaswa kupata takriban volti 240, hubebeshwa 415, chuma hushiba usumaku, mkondo hupanda kupita kiasi, vanishi inayokinga nyaya huungua, na mwenye mashine hulipa gharama ya kuisuka upya. Nusu saa ya hesabu ingeiokoa.

Tusisahau kwamba Chuo Kikuu cha Makerere chenyewe kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, wanafunzi wake 14 wakijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Na mwaka 2011 chuo hicho kilipoendesha hadharani gari la umeme la Kiira EV, wanafunzi walikuwa miongoni mwa waliolitengeneza, jambo ambalo kwangu linaonyesha kwamba vijana wetu wakipewa kitu cha kuunda huifuata hesabu wenyewe.

Ninachoomba kwa vyuo ni kwamba mwanafunzi aje karakanani tangu mwaka wa kwanza, kabla hajafundishwa kanuni ya mota, aifungue, aone koili zilivyopangwa, arudi darasani na maswali yake. Akae muhula mzima, kwa sababu katika majuma machache anayopewa sasa huondoka siku zile zile anapoanza kuaminiwa kazi. Fomu ninazojazishwa nazo zibadilike: huuliza zaidi kama kijana amewahi kazini, ilhali ningependa kuandika kama anaweza kutafuta hitilafu na kueleza chanzo chake. Vivyo hivyo, milango ya vyuo ifunguliwe jioni kwa mafundi wetu, wafundishwe hesabu ya umeme kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine wanayofanyia kazi.

Kwa upande wangu, niko tayari kupokea wanafunzi wanne kwa muhula mzima, na kumruhusu fundi wangu mmoja aende darasani kila jioni bila kumkata mshahara.

Wako,
Mwenye karakana ya umeme,
Jinja