Madaktari vijana na pesa za zamu za nje

Mhariri,

Madaktari wengi vijana hapa Mombasa, mbali na mshahara wa kaunti, hushika zamu katika zahanati za kibinafsi. Zahanati hukata ushuru wa asilimia 5 pekee, ilhali mapato hayo kwa kawaida huangukia kiwango cha asilimia 30. Kwa malipo ya Sh100,000, hukatwa Sh5,000. Ukiwa huna gharama za kazi za kuondoa kwenye mapato hayo, Sh25,000 bado ni deni la KRA, mamlaka ya ushuru. Tarehe ya kulipa salio ni Aprili 30, si Juni 30 ya kuwasilisha ritani. Hapo ndipo riba huwanasa wengi, na inasikitisha kwa kuwa yaepukika.

Tangu Desemba 27, 2024, mchango wa pensheni usiotozwa ushuru ulipanda kutoka Sh20,000 hadi Sh30,000 kwa mwezi. Hiyo ni jumla, NSSF (hazina ya taifa ya hifadhi ya jamii) na mfuko wa pensheni wa mwajiri vikiwemo. Kama payslipu inaonyesha michango ya Sh12,000, peleka Sh18,000 za zamu kwenye mfuko binafsi wa pensheni uliosajiliwa na RBA, mamlaka inayosimamia mifuko ya pensheni: utaokoa ushuru wa Sh5,400 kila mwezi. Tunza taarifa ya michango kwa ajili ya ritani.

Ila weka kwanza akiba ya dharura kando, maana pesa za pensheni hazitoki upesi.

Mhasibu,
Tudor, Mombasa