Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: homa ya ini B iliyojificha kwenye damu tunayochangia

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Nakuandikia kwa heshima, nikiwa mtaalamu wa maabara, kuhusu damu ambayo kipimo kimeipitisha kuwa salama ilhali ndani yake mna virusi vya homa ya ini B. Kipimo tunachokitegemea hutafuta antijeni ya HBsAg, yaani protini ya ganda la nje la virusi hivyo, ile iliyogunduliwa na Baruch Blumberg katika miaka ya 1960, na kimeokoa watu wengi. Ila wapo ambao antijeni hiyo haionekani tena, huku vinasaba vya virusi vikiendelea kukaa kwenye ini na kupenya kidogo kidogo hadi kwenye damu. Mtu wa namna hiyo haumwi, macho yake si ya manjano, na maswali yote ya fomu huyajibu kwa ukweli mtupu.

Utashauriwa upesi kwamba tupime kingamwili za anti-HBc, ambazo hubaki kwenye damu ya mtu aliyewahi kuambukizwa hata kama amepona, na kumkataa kila atakayekutwa nazo. Marekani walianza hivyo miaka ya 1980, na Uingereza mwaka 2022, lakini huko walioambukizwa ni wachache. Kwetu chanjo iliingia katika ratiba ya watoto mwaka 2002, hivyo watu wazima wengi walikwisha kuambukizwa utotoni na kupona. Kuwakataa wote ni kukausha benki za damu ambazo huyumba kila shule za sekondari zinapofungwa na wanafunzi wanaochangia kutawanyika.

Ombi langu ni kipimo kiitwacho NAT, kinachotafuta vinasaba vya virusi vyenyewe, kwa sampuli ya mchangiaji mmoja mmoja, kama Afrika Kusini ilivyoanza kufanya mwaka 2005. Nasisitiza mmoja mmoja kwa sababu mzabuni atakuja na bei nafuu ya kuchanganya sampuli, tuseme sita, na kuzipima kwa mkupuo, nami simlaumu mhasibu atakayevutiwa nayo. Lakini virusi hivi huwa vichache mno, kwa kawaida chini ya yuniti za kimataifa 200 (kipimo cha wingi wa virusi) kwa mililita, na vikichanganywa na damu ya watu wengine watano mashine inaweza isivione, ilhali mgonjwa anayeongezewa mililita 200 za plazma, yaani majimaji ya damu, huvipokea vyote.

Fedha zikiwa haba, tuanze na kituo kimoja cha kanda, tukitanguliza plazma na damu ya watoto wachanga na wagonjwa wa saratani. Sampuli ya kila mchangiaji itunzwe kwenye friza, ili mpokeaji akiugua chanzo kiweze kufuatiliwa. Mchangiaji atakayebainika aitwe faraghani, aelezwe na apelekwe kliniki, kwani asipoambiwa, miezi mitatu baadaye atakwenda kumchangia shangazi yake katika hospitali nyingine.

Naomba Wizara itutangazie ni kituo gani kitaanza, na lini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtaalamu wa maabara na mchangiaji damu