Rsync ikigoma, 777 si dawa

Mhariri,

Tunaomba nafasi kuwazungumzia wanaotunza kompyuta za shule, zahanati na ofisi ndogo. Rsync, programu ya kunakili mafaili kati ya kompyuta, ikikataa kuyapeleka kwenye seva, ushauri wa haraka huwa ni kupiga chmod -R 777, amri inayompa kila mtu ruhusa zote kwenye folda na vyote vilivyomo. Matokeo yake kila mwenye akaunti kwenye mashine ile anaweza kusoma, kubadili na kufuta, na mara nyingi kosa lenyewe linabaki palepale.

Soma ujumbe kwanza. Ukiona "Permission denied (publickey)" na msimbo wa kosa 255, rsync haijaanza hata kazi. Aliyekataa ni ssh, programu inayokuunganisha na seva, na ruhusa za folda unakonakili hazihusiki. Faili la ufunguo wa siri liwe 600, yaani mwenyewe tu ndiye asome na kuandika. Ukitanguliza sudo (kuendesha amri kama root, msimamizi mkuu wa mashine), ssh itatafuta ufunguo wa root, si wako.

"Send_files failed to open" maana yake huwezi kusoma chanzo. Kosa la "mkstemp", yaani kushindwa kutengeneza faili la muda, ndilo linalowachanganya wengi. Rsync kwa kawaida haiandiki juu ya faili la zamani: hutengeneza jingine la muda, jina lake likianza na nukta, kisha hulipa jina halisi. Kwa hiyo hata faili likiwa 666 (kila mtu anaweza kulisoma na kuliandika), utakwama kama folda lake halikuruhusu kuandika. Piga namei -l pamoja na njia nzima ya folda, uone ni wapi x (ruhusa ya kupita) au w (ya kuandika) inakosekana. Kisha id, uone umo kwenye vikundi gani. Aliyeingizwa kwenye kikundi leo lazima atoke na kuingia upya.

"Failed to set times" kwenye folda la pamoja ni suala la umiliki. Mwenye folda au root pekee ndiye anayeweza kulipangia saa, hata likiwa 777. Ongeza -O, rsync iache saa za folda, yaishe.

Flashi za FAT32 na exFAT hazihifadhi mmiliki wala ruhusa, hivyo -a, inayojaribu kuhifadhi vyote hivyo, italalamika bure. Tumia -rtv --modify-window=1 (tofauti ya sekunde 1 isihesabiwe), kwa kuwa saa za FAT huruka kwa sekunde 2.

Na msiiamini sana -n, ya kujaribu tu. Jaribio hilo haliandiki chochote upande wa pili, kwa hiyo linaweza kupita salama, kisha kazi halisi ikaishia na msimbo 23: baadhi ya mafaili yamefika, mengine hayakufika. Skripti ya kila usiku isiyokagua msimbo huo haitakuambia kitu.

Mafundi wa seva,
Morogoro