Pini ya mtandio

Mannheim, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka huku Ujerumani. Mimi mzima, zamu za wodini zinanichosha lakini namshukuru Mungu. Mama mpe shikamoo yangu.

Nina jambo limenijaa kifuani tangu mchana, na huku sina wa kumwambia akalielewa kama wewe unayeshinda kwenye bajaji.

Unakumbuka siku ile ulipotupeleka arusini Pongwe, bajaji ikazima katikati ya njia? Ulishuka, ukafungua kabureta, ukachomoa pini ya mtandio wako ukakizibua kile kitundu cha mafuta, safari ikaendelea. Mpaka tunakula biriani vidole vyako bado vinanuka petroli. Basi kuna mwanamke aliyefanya vilevile mwaka 1888, naye alikuwa kwenye chombo cha magurudumu matatu.

Ni Bertha Benz. Mumewe, Carl, aliandikisha hataza (hati ya haki ya mvumbuzi) ya gari lake tarehe 29 Januari 1886, wakiishi hapahapa Mannheim. Leo sikuwa na zamu, nikapanda treni hadi Ladenburg, ambako kiwanda chao cha zamani sasa ni makumbusho ya magari. Nikasimama mbele ya mfano wa gari lile la kwanza nikakuwaza wewe. Gurudumu moja mbele, mawili nyuma, injini ya pistoni moja iko nyuma ya kiti, cheni mbili zinazungusha magurudumu ya nyuma. Haina paa wala kioo. Usukani wenyewe ni mpini mdogo wa kushika kwa mkono mmoja juu ya nguzo. Nyuma kuna gurudumu zito la chuma limelazwa kama sinia. Hilo ndilo linalozungushwa kwa mikono mpaka injini iwake. Ikikimbia sana ni kilomita 16 kwa saa.

Nilidhani matatu ni kwa kubana gharama. Kumbe Carl alikuwa hajapata njia nzuri ya kukatisha kona magurudumu mawili ya mbele kwa pamoja. Alipoipata, mwaka 1893, ndipo akahamia kwenye manne.

Sasa sikia safari yenyewe. Gari lilikuwepo, wanunuzi hawakuwepo. Bertha alikuwa ametoa pesa zake za ndoa kuiokoa karakana hata kabla hawajaoana (kwao bibi arusi ndiye aliyekuja na mali), kwa hiyo lilikuwa jasho lake pia. Asubuhi moja ya Agosti, mume bado amelala, akawachukua wanawe wawili, Eugen na Richard, wakaondoka kwenda kwa mama yake Pforzheim. Zaidi ya kilomita 100, barabara za mikokoteni ya farasi.

Mafuta yakapungua. Vituo vya mafuta havikuwepo duniani, akasimama kwenye duka la dawa huko Wiesloch akanunua ligroini, kimiminika cha kutolea madoa kwenye nguo, ndicho kilichokuwa kikiendesha injini ile. Jengo la duka lile lipo mpaka leo. Maji ya kupozea injini yalikuwa yakitokota na kuisha, kila mara watafute mengine. Bomba la mafuta lilipoziba, alichomoa pini ya kofia yake akalizibua. Waya wa moto ulipochubuka, akaufunika kwa mkanda wa soksi. Kwa ajili ya cheni wakamwona mhunzi. Breki za mbao zilipolika, akamwambia fundi viatu azigongelee ngozi. Ndizo breki shuu hizo, Mwanaidi! Vilimani wanawe walishuka wakasukuma. Jioni wakafika, akampelekea mumewe simu ya maandishi.

Aliporudi alimwambia gari linataka gia nyingine ya kupandia vilima. Hilo ndilo linalonigusa kuliko yote. Carl aliijua injini yake, lakini wa kwanza kuijua njia ni Bertha, kwa sababu ni yeye aliyekwama nayo. Jina lake halimo kwenye hataza. Nilisoma kibao cha maelezo pale makumbusho mara mbili nikakumbuka wale wa kijiweni waliokuambia mwanamke hawezi kulala chini ya chombo, ilhali leo wakikwama wanakuita wewe.

Siku nikipata nafasi nitakwenda Wiesloch nikupigie picha ya duka lenyewe. Nitakuletea pia habari kama njia ile ina vilima vikali kweli, maana treni inapita tambarare na sikuona kitu.

Spana ya plagi uliyoniagiza nimeipata, itakuja na mdogo wangu Desemba. Niandikie ile gia ya pili imetengemaa au bado inachomoka, na tajiri amepunguza hesabu kama alivyoahidi?

Wako akupendaye,
Zuhura