Wanafunzi wafundishe, trafiki wasimamishe malori

Mhariri,

Hapa Malaba malori ya kwenda Tororo na Kampala hayalali. Ndiyo maana nimefurahi kuona wanafunzi wa sekondari mtaani kwetu wakijifunza usalama barabarani kwa kupima, si kwa kukariri. Walitandaza kamba kwenye uwanja wa mpira, mwalimu wa fizikia akawaonyesha: mwendo ukipanda kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, umbali ambao gari hutembea baada ya kukanyaga breki huwa mara nne, si mara mbili. Kamba ilipita goli!

Jumamosi hujitolea sokoni, wakiwahimiza watu watembee upande wa kulia ili wayaone magari yanayowajia, maana sisi huendesha kushoto. Waendesha boda nao huambiwa wafunge mkanda wa helmeti. Wengine huivaa kama kofia ya harusini.

Ila kuwasimamisha watoto hao katikati ya lami wazuie malori, hilo silikubali. Hiyo ni kazi ya askari wa trafiki. Wahusika watuletee askari saa moja asubuhi, na wapake upya kivuko cha mbele ya shule. Rangi yake imefutika kabisa.

Mzazi,
Malaba, Wilaya ya Tororo