Risala ya kikundi chetu cha mazingira kwa Mgeni Rasmi: mtupimie kwanza njia ya maji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi ambaye ni Afisa Mipango Miji wetu wa Jiji la Mbeya, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa pamoja na wajumbe wako, Mtendaji, wazee wetu, mama zetu, bodaboda na bajaji mliopaki pale juu mkashuka kusikiliza, itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemruka naomba anisamehe maana karatasi ni moja na maneno ni mengi.

Tunashukuru sana umekuja. Kusema ukweli barua tulipeleka ila tulijua utatuma mtu, kumbe umekuja mwenyewe, tena kwa miguu kuanzia pale lami inapoishia, na viatu vyako tumeviona, pole sana. Ndaga fijo, yaani asante sana.

Mimi ni katibu wa kikundi, nachaji simu na kuuza vocha pale kona ya mashine ya kusaga. Risala tumeiandika wengi jana usiku na umeme ulikatika mara mbili, kwa hiyo ukisikia mahali maneno yameruka ujue hapo tulikuwa gizani.

Kikundi kilianza mwaka 2024 baada ya mvua za Aprili. Unakumbuka mwezi ule ndo matope yalishuka kutoka mlima Kawetere kule Itezi yakafukia nyumba na shule, na watu walikuwa bado wanazungumzia Katesh, maana Desemba 2023 mlima Hanang ulikuwa umeshaporomoka na kuua watu zaidi ya 80. Sisi huku hatukufukiwa. Ila maji yaliingia jikoni kwa bibi mmoja hapo chini, yakabeba sufuria ya maharage kutoka jikoni mpaka nje ya geti, mfuniko ukiwa juu vilevile, inaelea taratibu kama inajua inakokwenda, watoto wakaikimbiza mpaka kwenye kalavati. Kila mtu alicheka isipokuwa bibi. Kesho yake ukuta wa jiko ukalala chini, hapo hakuna aliyecheka tena.

Basi tukasema tuzibue kalavati. Tulichotoa mle ndani, Mheshimiwa, siwezi kukisoma chote mbele ya wageni ila kulikuwa na viroba vya mchanga, pampasi, ndala za mguu mmoja mmoja, godoro, na mifuko ya plastiki ile iliyokatazwa tangu Juni 2019 bado mizima kabisa. Siku tatu. Mama lishe wakatuletea makande bure. Tukapiga picha tukarusha kwenye grupu la mtaa, watu wakatupongeza, tukajiona tumemaliza kazi.

Mvua iliyofuata maji yakapita palepale. Kalavati safi, maji juu ya barabara.

Hapo ndo tulipoanza kuumiza kichwa, na ndo sababu ya kukuita wewe badala ya kumuita bwana afya. Kuna mwalimu mstaafu kwenye kikundi, wa hesabu, akatuchorea kwenye ukuta wa kibanda changu kwa mkaa. Bati la nyumba ya kawaida chukulia mita za mraba 100. Mvua ikinyesha milimita 50 kwa siku moja, ambayo kwa Mbeya mwezi wa nne siyo ajabu, bati hilo linamwaga lita 5,000. Ukiwa na nyumba 200 juu ya kilima hiki ni lita milioni moja, na zamani maji haya yalikuwa yanaingia kwenye majani na mashamba ya mahindi, sa hivi yanashuka kwenye bati, yanaangukia sakafu ya saruji, yanaingia kwenye barabara iliyoshindiliwa, yote yanateremka kwa wakati mmoja kwenye kalavati lenye upana wa pipa. Kwa hiyo takataka tulizitoa ni kweli, lakini hata kalavati likilambwa kwa ulimi halitoshi.

Na nyumba zinaongezeka. Sensa ya 2012 ilikuta Jiji letu lina watu 385,279, ya 2022 ikakuta 541,603. Yaani ndani ya miaka 10 wameongezeka watu zaidi ya laki moja na nusu, na wote wamelala mahali. Pale Soweto, Mafiati, Mwanjelwa pameshajaa, chini kuna barabara kuu ya Zambia ambayo sasa inapanuliwa njia nne, kwa hiyo mtu mwenye hela ndogo anapanda. Anapanda kuelekea mlima Loleza, kuelekea Iganzo, kule Itezi nako ni hivyohivyo. Simlaumu, hata mimi nimepanga huko juu. Ila udongo wetu sehemu kubwa ni majivu ya volkano, wepesi, ukikauka unapeperuka na ukilowa unateleza, na sisi tunauchonga ngazi tunaweka msingi.

Sasa sikiliza viwanja vinavyouzwa. Dalali hakuleti kiwanja mwezi wa nne hata siku moja. Anakuleta Agosti, jua linawaka, vumbi, anakwambia hapa pametulia, kiwanja kinateremka kidogo tu, hewa safi, unaiona Mbeya yote. Kiwanja kinauzwa Agosti, kinajulikana Aprili. Na lile bonde dogo lililopita katikati ya kiwanja anakwambia ni njia ya ng'ombe.

Baadaye ikaja habari ya urasimishaji, yaani tupimiwe hapa tulipokwishajenga tupewe hati, tukafurahi kweli, tukachanga kila nyumba, kuna mama aliuza debe zake za viazi ili alipe. Kampuni ikaja, jina tunaliacha, vijana wana mashine ya miguu mitatu na makoti ya kung'aa, wakapima siku mbili wakaondoka na mpaka leo hati hatujaziona. Lakini bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, waliacha. Na bikoni moja, Mheshimiwa, wameichimbia katikati ya mkondo wa maji. Siyo pembeni, katikati. Walipima kiangazi, wakaona ardhi kavu, wakagawa mkondo nusu kwa nusu kwa majirani wawili. Mwezi wa kwanza maji yakaichimbua, sasa imelala ubavu kwenye mchanga na namba yake inasomeka vizuri tu. Majirani wale mpaka sasa hawasalimiani, maana kila mmoja anasema mkondo uko kwa mwenzake.

Tunajua sheria ipo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema usijenge ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, Sheria ya Mipango Miji ya 2007 nayo ipo, na mimi nilizisoma kwenye simu ya mteja aliyesahau kuja kuichukua. Tatizo letu ni kwamba korongo lililokauka miezi saba kwa mwaka hakuna mtu anayeliita mto. Halina jina, halina daraja, kwenye ramani ya mpango halipo. Sasa mita 60 utaanza kuhesabu kutoka wapi?

Kwa hiyo tumefanya wenyewe. Machi mwaka huu tulitembea kwenye mvua na wazee wetu wanne waliozaliwa hapa wakati huku ni mashamba, tukiwa na miavuli mitatu na fito ya mianzi iliyokatwa alama kila sentimita 10. Kila mahali mzee aliposema hapa maji yanapita, tulichomeka fito, tukasoma kina, kijana mmoja akashika lokesheni kwenye simu, na ukutani tukapiga mstari mwekundu pale maji yalipofika. Watu wengine walishtuka wakadhani ni ile X ya bomoabomoa, mzee mmoja alitoka na panga. Tukamwelewesha, akatuwekea na chai. Wazo hili hatukulibuni sisi, Dar es Salaam kuna watu wa Ramani Huria wamechora mitaa inayofurika namna hiyo tangu 2015 na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, sisi tumeiga tu kwa vifaa vya kienyeji.

Ramani ilipokamilika tukagombana. Nalisema hili kwa sababu ukifika nyumbani utasimuliwa na wengine. Nyumba 11 ziko kwenye njia ya maji, na moja ni ya mweka hazina wetu aliyekaa hapa mbele. Alisusa vikao viwili. Alisema mmenichorea kaburi. Na alikuwa na haki ya kuogopa, kwa sababu mji wetu ukigundua umekosea mara nyingi anayelipa ni yule aliyenunua, siyo aliyeuza wala aliyepima. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 Dar es Salaam watu wa mabondeni walipelekwa Mabwepande, mbali na kazi zao, na tunajua baadhi walirudi bondeni. Hatutaki hiyo hapa. Mweka hazina alirudi tulipokubaliana kwamba ombi la kwanza kwako liwe kuzuia nyumba ya 12, siyo kubomoa zile 11.

Basi maombi yenyewe. Ombi kubwa ni moja na mengine yanalifuata nyuma. Kabla hamjapima kiwanja chochote kipya huko juu, mpimie maji kwanza, tena mje Machi au Aprili, mtu wenu asimame kwenye mvua kama sisi, muweke bikoni za maji pande zote mbili za korongo na mziandike kwenye mpango wa mtaa kwamba hapa si kiwanja, hapauzwi, hata mwenyekiti asiweke mhuri. Mwenyekiti anatabasamu, amekubali.

Halafu lile eneo la chini ambalo bado halijajengwa, tunaomba libaki uwanja wa mpira. Mvua kubwa ikija maji yakae pale siku mbili, vijana watalalamika, yatakauka watacheza. Kuna mji Brazil unaitwa Curitiba, tangu miaka ya 1970 walitenga mabonde ya mito wakayafanya bustani za kupokea mafuriko, na majani walikuwa wanayapunguza kwa kondoo. Kondoo tunao. Pembeni tumeshapanda mianzi kushika kingo, na wageni kutoka Iringa mtulie, hii siyo ya kugema ulanzi. Mikaratusi tumekataa kabisa karibu na chemchemi japo ndo miche tunayoletewa kila siku ya kupanda miti, inakua haraka na inakunywa kama imetoka jela.

Pia kwenye kibali cha ujenzi mngeweka mfereji wa bati na simtanki, lita 5,000 zile zikabaki nyumbani zikafulia nguo. Na mkiwa mnakagua mitaro ya barabara kubwa muangalie inamwaga wapi, isije ikatuletea maji ya njia nne kwenye kalavati la pipa moja. Habari ya vichochoro gari la zimamoto halipiti, hilo unalijua, soko la Mwanjelwa liliungua 2006 na hatuhitaji kukumbushana.

Hela hatujaomba, na wajumbe wengine wamenikasirikia kwa hilo. Ukiwa na koleo na glavu hatutakataa.

Mheshimiwa, tunakukabidhi ramani yetu, imechorwa nyuma ya kalenda ya mwaka juzi na ina doa la chai ya yule mzee wa panga, ila vipimo ni sahihi. Chakula kiko tayari lakini tumewaambia mama lishe wasubiri, kwanza tushuke wote tukakuoneshe ile bikoni, ni hatua kama 80 tu kutoka hapa, shika huu mkono wa kushoto kuna utelezi.

Naomba kuwasilisha.